Nguvufarasi ya injini na nguvufarasi ya magurudumu

Nguvufarasi ya injini na nguvufarasi ya magurudumu ni vipimo viwili vya nguvu ya gari lilelile. Cha kwanza huchukuliwa kwenye injini yenyewe, mahali inapotoa mzunguko wake nyuma ya krenkshafti. Cha pili huchukuliwa kwenye magurudumu yanayolisukuma gari, baada ya nguvu hiyo kupita kwenye klachi, giaboksi, propela shafti, difu, hafu shafti na matairi. Kipimo cha pili huwa kidogo kuliko cha kwanza, kwa kuwa kila kifaa kilichopo njiani hula sehemu ya nguvu na kuigeuza kuwa joto.

Tofauti hii ina uzito mkubwa katika mbio za magari. Timu moja inaweza kutangaza kwamba gari lake lina nguvufarasi 280 na nyingine ikatangaza 240, kumbe magari yote mawili yana nguvu sawa: moja limepimwa kwenye injini, jingine kwenye magurudumu. Namba ya nguvufarasi haina maana kamili mpaka ijulikane ilipimwa wapi kwenye gari, kwa kizio gani na katika hewa ya namna gani.

Maana ya nguvufarasi

Katika fizikia, nguvu ni kiasi cha kazi kinachofanyika katika muda fulani. Nguvufarasi, ambayo mafundi na wauza magari wengi huiita hospawa, ni kizio cha zamani cha nguvu. Kilienezwa na mhandisi wa Uskoti James Watt katika karne ya 18, alipotaka kuwaeleza wateja wake ni farasi wangapi wangeweza kupumzishwa endapo wangenunua injini yake ya mvuke. Alikadiria kwamba farasi mmoja anaweza kuinua uzito wa ratili 33,000 kwa futi moja katika dakika moja. Kwa vizio vya kisasa, hiyo ni sawa na wati 745.7.

Nchi za Ulaya bara zilizotumia vipimo vya metriki zilijiwekea nguvufarasi yao: kuinua kilogramu 75 kwa mita moja katika sekunde moja, sawa na wati 735.5. Hiyo ndiyo iliyoenea pia katika vitabu vya magari ya Kijapani. Nguvufarasi ya Kiingereza inaizidi ya metriki kwa asilimia 1.4 hivi. Kwa sababu hiyo gari lenye nguvufarasi 296 za Kiingereza huandikwa 300 katika orodha ya Ulaya, bila injini kuongezwa chochote. Kizio sanifu cha kimataifa ni wati, na nguvu ya injini huandikwa kwa kilowati (kW).

Injini haipimwi nguvu moja kwa moja. Kinachopimwa ni kani yake ya kuzungusha, iitwayo toki, kwa nyutoni-mita (Nm), pamoja na idadi ya mizunguko kwa dakika. Nguvu hupatikana kwa hesabu:

kilowati = toki (Nm) × mizunguko kwa dakika ÷ 9,549

Kwa mfano, injini yenye toki ya Nm 400 katika mizunguko 5,000 kwa dakika inatoa kilowati 209.5. Hizo ni nguvufarasi 281 za Kiingereza, au 285 za metriki.

Nguvu hupotelea wapi

Gia huongeza toki lakini haziongezi nguvu. Tuseme injini ya mfano huo imewekwa kwenye gia ambayo giaboksi haibadilishi mzunguko, na difu inapunguza mizunguko mara nne. Magurudumu yatazunguka mara 1,250 kwa dakika. Kama kusingekuwa na msuguano wowote, toki kwenye magurudumu ingekuwa Nm 1,600, na nguvu ingebaki ileile ya kilowati 209.5.

Gari halisi haliko hivyo. Meno ya gia husuguana, beringi na sili zake hushika, oili nzito hukorogwa ndani ya giaboksi na difu, na tairi hujikunja kila linapogusa chini. Mashine ya kupimia ikisoma Nm 1,360 badala ya 1,600, nguvu ya magurudumu itakuwa kilowati 178, yaani nguvufarasi 239 za Kiingereza. Zilizopotea ni nguvufarasi 42, sawa na kilowati 31 hivi. Hilo ni joto linalolingana na la majiko ya umeme kumi na matano ya kilowati mbili kila moja. Ndiyo maana magari ya mashindano makali mara nyingi hufungwa kipoza oili cha giaboksi na cha difu, na oili iliyoungua ni dalili ya kwanza anayoitafuta fundi baada ya mbio.

Kiasi kinachopotea hutegemea muundo wa gari. Gari ambalo injini na magurudumu yanayosukuma viko upande mmoja halihitaji propela shafti ndefu. Gari linalosukumwa na magurudumu yote manne lina difu zaidi, shafti zaidi na beringi zaidi, hivyo kwa kawaida hupoteza zaidi. Giaboksi ya otomatiki ya mtindo wa zamani hupoteza zaidi ya giaboksi ya kawaida, kwa sababu nguvu hupitishwa kwa mwendo wa oili. Hata upepo mdogo wa tairi, mkanda wa kufungia gari uliokazwa kupita kiasi, au oili ambayo haijapata moto vinaweza kupunguza namba inayosomwa.

Namna ya kupima

Chombo cha kupimia nguvu huitwa dainamomita. Mhandisi Mfaransa Gaspard de Prony alitengeneza breki ya kupimia nguvu za mashine mwaka 1821, na Mwingereza William Froude akabuni ya maji mwaka 1877. Kutokana na breki hizo, nguvu iliyopimwa kwenye shafti ya injini bado huitwa na wahandisi wengi nguvufarasi ya breki, ingawa haihusiani na breki za gari.

Dainamomita ya injini hupima injini iliyotolewa kwenye gari na kufungwa juu ya fremu. Viwanda na timu kubwa hutumia njia hii, kwa sababu joto la maji, oili na hewa vinaweza kudhibitiwa. Udhaifu wake ni kwamba injini lazima ishushwe kwenye gari.

Dainamomita ya rola hupima gari zima. Magurudumu hukaa juu ya rola na dereva huendesha gari papo hapo. Zipo aina mbili kuu. Katika aina ya kwanza rola ni nzito na uzito wake unajulikana. Kompyuta hupima jinsi gari linavyoiongezea kasi. Katika aina ya pili rola huwekewa breki ya sumaku au ya maji, na gari linaweza kushikiliwa kwenye mwendo mmoja huku likipimwa. Ipo pia dainamomita ya habu, ambapo magurudumu huvuliwa na mashine kufungwa moja kwa moja kwenye habu, hivyo upotevu wa tairi hauhesabiwi.

Mashine hizi hazitoi namba moja kwa gari moja. Ile ya rola nzito husoma pungufu gari likifungwa rimu na matairi mazito, kwa kuwa sehemu ya nguvu hutumika kuyaongezea kasi magurudumu yenyewe. Ile ya habu kwa kawaida husoma zaidi ya ile ya rola. Kwa hiyo mashine moja, inayotumiwa kwa utaratibu uleule, ni nzuri kwa kulinganisha gari kabla na baada ya matengenezo. Kulinganisha gari lililopimwa kwenye mashine moja na jingine lililopimwa kwenye mashine ya aina tofauti huleta ubishi usio na mwisho.

Kosa la asilimia moja kwa magari yote

Watu wengi hugeuza nguvu ya magurudumu kuwa nguvu ya injini kwa kuongeza asilimia maalumu, mara nyingi 15. Njia hii hutoa makadirio tu, na ina makosa mawili.

Kosa la kwanza ni la hesabu. Ikiwa asilimia 15 imepotea kutoka 281 na kubaki 239, kuirudisha 281 ni kugawanya 239 kwa 0.85. Anayezidisha 239 kwa 1.15 anapata 275, na nguvufarasi sita zinatoweka kwenye karatasi.

Kosa la pili ni la fizikia. Sehemu ya upotevu hufuata mwendo: kukoroga oili na kuzungusha sili huhitaji karibu nguvu ileile, injini iwe inasukuma sana au kidogo, mradi mizunguko ni ileile. Sehemu nyingine hufuata mzigo: meno ya gia husuguana zaidi yanaposukumwa zaidi. Tuchukue kwamba katika gari la mfano nusu ya upotevu, yaani nguvufarasi 21, ni ya mwendo, na nusu ni ya mzigo. Injini ikiongezwa nguvu hadi 400, upotevu wa mwendo utabaki 21, na wa mzigo utapanda hadi 30. Magurudumu yatapata 349. Anayetumia asilimia 15 atatarajia 340 tu. Na akianza na 349 za mashine, atadai kwamba injini ina nguvufarasi 411 wakati inazo 400.

Baadhi ya dainamomita hujaribu kupima upotevu wenyewe. Baada ya gari kufika mwisho wa kipimo, dereva hukanyaga klachi na kuacha magurudumu yazunguke mpaka yapungue kasi, na mashine hupima kinachoyapunguza. Kiasi hicho huongezwa kwenye nguvu ya magurudumu ili kukadiria nguvu ya injini. Njia hii ni bora kuliko kubahatisha asilimia, lakini wakati huo gia hazisukumwi na injini, kwa hiyo upotevu wa mzigo hauonekani wote.

Injini tupu na injini iliyofungwa kwenye gari

Hata kipimo cha injini peke yake kimewahi kuwa na sura mbili. Huko Marekani viwanda vilikuwa vikitangaza nguvu ghafi: injini ilipimwa bila alteneta, bila kisafisha hewa na bila ekzosi ya gari. Kuanzia magari ya mwaka 1972 vikahamia nguvu halisi, inayopimwa injini ikiwa na vifaa vyake vyote. Mwaka 1971 kampuni ya General Motors ilitoa namba zote mbili, na injini ya LT-1 ya Chevrolet Corvette ilionekana na nguvufarasi 330 za ghafi na 275 za halisi. Injini ilikuwa moja. Kilichobadilika ni namna ya kupima.

Mfano wa karibu zaidi na Afrika Mashariki ni Volkswagen 1200, maarufu kama "Kobe" au "Beetle". Mwaka 1962 dereva Tommy Fjastad alishinda mashindano ya Safari kwa gari la aina hiyo. Injini yake ya miaka hiyo iliandikwa nguvufarasi 34 nchini Ujerumani, ambako kanuni ilitaka ipimwe na vifaa vyake, lakini huko Marekani iliuzwa kama injini ya nguvufarasi 40.

Hewa na mwinuko wa nchi

Injini huchoma mafuta kwa oksijeni ya hewa. Kadiri mahali palivyo juu kutoka usawa wa bahari, hewa huwa nyepesi na injini isiyo na turbo hupoteza nguvu, takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Jambo hili haliepukiki katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Mji wa Mbeya uko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi. Katika mwinuko huo na joto la nyuzi 20 za Selsiasi, hewa huwa na takriban asilimia 80 tu ya uzito wa hewa sanifu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo iliyopimwa Dar es Salaam ikatoa nguvufarasi 200 haitazifikisha tena itakapopanda nyanda za juu za Mbeya na Songwe. Itakaribia 160, kabla hata giaboksi na difu hazijachukua fungu lao.

Ili vipimo vya mahali mbalimbali vilinganishwe, dainamomita hurekebisha namba kulingana na joto na shinikizo la hewa. Kanuni ya Marekani iitwayo SAE J1349 hutumia hewa ya nyuzi 25 na shinikizo la kilopaskali 99. Kanuni ya zamani ya Ujerumani, DIN 70020, ilitumia nyuzi 20 na kilopaskali 101.3. Gari moja lililopimwa siku moja linaweza kupewa namba tofauti kwa kubadilisha kanuni tu kwenye kompyuta.

Tahadhari kubwa inahitajika kwa magari ya turbo. Turbo isiyobanwa inaweza kuzunguka kwa kasi zaidi na kurudisha sehemu kubwa ya hewa iliyopungua kutokana na mwinuko. Ikiwa mashine iliyoko nyanda za juu itaongeza marekebisho yaleyale ya injini isiyo na turbo, gari litapewa nguvu ambazo halijawahi kuwa nazo popote. Mwenye gari huondoka na karatasi nzuri, kisha hushindwa barabarani na gari lenye karatasi ya kawaida.

Nguvu katika mashindano ya Safari

Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na yamekuwa kipimo kikali cha tofauti kati ya nguvu ya injini na nguvu inayofika chini. Miaka ya 1984, 1985 na 1986 yalishindwa na Toyota Celica Twincam Turbo, gari lililosukumwa na magurudumu ya nyuma tu, wakati ambapo magari ya magurudumu manne yalikuwa yakitawala mashindano ya Ulaya. Björn Waldegård alishinda mara mbili kati ya hizo na Juha Kankkunen mara moja. Katika maelfu ya kilomita za vumbi na mawe, uimara wa mitambo inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ulikuwa na thamani kubwa kuliko namba ya injini.

Kutokana na ajali za mwaka 1986 magari ya Kundi B yalipigwa marufuku kuanzia mwaka uliofuata, na watunga sheria wakataka magari ya Kundi A yasizidi nguvufarasi 300 hivi. Hawakutegemea dainamomita kulinda kiwango hicho. Waliamuru kila gari la turbo lifungwe pete ya kubana hewa, yenye tundu la kipenyo maalumu, kwenye mdomo wa turbo. Hewa ikifikia kasi ya sauti ndani ya tundu haiwezi kuongezeka tena, na injini haiwezi kuchoma mafuta zaidi ya hewa iliyopata. Mkaguzi hupima kipenyo, wala habishani na mtu kuhusu asilimia za upotevu.

Umuhimu wa pete hiyo ulionekana mwaka 1995 huko Katalunya, Hispania, ambapo tundu lilitakiwa kuwa milimita 34. Wakaguzi waligundua kwamba pete za magari ya Toyota Celica GT-Four ziliweza kusogea turbo ilipofungwa, na kuruhusu hewa kupita pembeni mwa tundu halali. Shirikisho la kimataifa la magari, FIA, liliiondolea timu hiyo pointi zake na kuifungia miezi kumi na miwili.

Pete ya hewa ina tabia moja inayoonekana wazi nchini Kenya. Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, sehemu kubwa ya mbio ilihamia Naivasha, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Kwa kuwa shinikizo la hewa mbele ya pete ni dogo huko, hewa inayopita katika tundu lilelile hupungua kwa takriban moja ya tano injini inapozunguka kwa kasi. Gari lenye turbo nalo hupoteza nguvu, na turbo haiwezi kuifidia.

Malori na magari ya kawaida

Kanuni hizi haziishii kwenye mbio. Malori yanayopita Tunduma kwenda Zambia na kurudi mara nyingi huwa na namba kama 371, 420 au 440 kwenye kabati. Hizo kwa kawaida ni nguvufarasi za metriki za injini, si za magurudumu.

Chukua lori lenye namba 420, sawa na kilowati 309, likiwa na uzito wa tani 50 pamoja na mzigo, likipanda mlima wenye mwinuko wa mita sita kwa kila mita mia. Kama nguvu yote ya injini ingefika chini, lingepanda kwa kilomita 34 hivi kwa saa. Asilimia 10 ikipotelea njiani, mwendo hushuka hadi kilomita 30 au 31 kwa saa. Dereva anayekadiria muda wa kupanda mlima kama Kitonga anaendesha kwa nguvu ya magurudumu, hata kama ubavuni pa lori imeandikwa ya injini.

Kulinganisha magari mawili

Ulinganisho wa haki wa nguvu za magari mawili unahitaji mambo yafuatayo yafanane au yaelezwe:

- mahali pa kipimo: injini, habu au magurudumu;
- kizio: nguvufarasi za Kiingereza, za metriki au kilowati;
- aina ya dainamomita na gia iliyotumika;
- joto na shinikizo la hewa, pamoja na kanuni ya marekebisho;
- hali ya gari: matairi, upepo wake, joto la oili na aina ya mafuta;
- iwapo nguvu ya injini imepimwa kweli au imekadiriwa kutoka kwenye magurudumu.

Nguvu ya injini humfaa zaidi mtengenezaji wa injini, kwa sababu haichanganywi na kasoro za giaboksi wala tairi. Nguvu ya magurudumu humfaa zaidi dereva na fundi wa mbio, kwa sababu ndiyo inayolisogeza gari. Tofauti baina ya namba hizo nayo ni kipimo chenye faida: ikiongezeka ghafla kwenye mashine ileile, wakati injini ni nzima, kuna breki inayoshika, beringi inayoelekea kufa au difu inayoomba kufunguliwa.